Iliki ya Usambara: Tusirudie Kosa la Zamani

Ndugu mkulima, kabla hujanunua miche ya iliki, ijue kwanza historia yake.

Iliki ni ndugu wa tangawizi. Asili yake ni misitu ya milima ya kusini mwa India, ambako huota chini ya miti mirefu. Ukiipanda juani, majani huungua. Huku kwetu ililetwa Usambara Mashariki wakati wa Wajerumani, ambao mwaka 1902 walianzisha kituo cha utafiti wa mazao pale Amani. Kwa miaka mingi ilibaki zao dogo. Ilienea hasa baada ya uhuru, wakulima wadogo walipoona kuwa mzigo mwepesi wa kubebwa kichwani unaleta pesa kuliko gunia la mahindi.

Walilimaje? Waliingia msituni, wakafyeka vichaka na miti midogo, wakaacha miti mikubwa itoe kivuli. Ukitazama kwa mbali, ungedhani msitu ni mzima. Lakini kila palizi ilikata miche ya miti iliyokuwa ikichipua, kwa hiyo mti mkubwa ukianguka haukuwa na wa kuurithi. Samadi haikuwekwa. Baada ya miaka kadhaa mavuno yalishuka, miti iliyobaki ikakatwa, pakapandwa mihogo na mahindi. Mvua ikachukua udongo, na mkulima akasogea mbele kufyeka tena.

Mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa. Baadaye, kule Derema, wakulima walitakiwa kuacha mashamba ya iliki yaliyokuwa msituni, wakalipwa fidia. Usiwacheke. Iliki ndiyo iliyosomesha watoto wao, na kuacha shamba ulilolipalilia kwa miaka si jambo dogo.

Somo ni hili: kivuli nacho ni sehemu ya shamba, kitunze kama unavyotunza zao lenyewe.

Kama uko milimani kwenye mvua nyingi, panda iliki katika shamba lako mwenyewe, si msituni. Tanguliza miti ya kivuli kama mgrevilea, na kila mwaka ongeza miche michache ya kurithi ile mikubwa. Weka samadi na matandazo. Pilipili manga inaweza kupanda juu ya miti hiyo hiyo, ukapata mazao mawili. Subiri hadi mwaka wa tatu ndipo uanze kuvuna.

Nawe mfanyabiashara, usimsukume mkulima avune iliki changa. Iliki changa ikikauka husinyaa na punje zake huwa hafifu, hivyo hasara inawarudia wote wawili. Nunua iliyokomaa, ikaushe juu ya turubai au chanja, usiianike chini kwenye vumbi.

Wazee wetu walianza na msitu uliokuwa tayari. Sisi kivuli inatubidi tukipande.