Mnyonya Damu, Jajuok na Kitisho cha Jirani

Stephen King alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, akifundisha Dracula (1897), alipojiuliza ingekuwaje mnyonya damu huyo akizuka katika Marekani ya zama zake. Jibu lake ni riwaya ya 'Salem's Lot (1975). Mwaka 1979 Tobe Hooper aliigeuza kuwa filamu ya televisheni yenye sehemu mbili. Humo Barlow, ambaye riwayani ni msemaji hodari, akafanywa bubu mwenye sura ya kuogofya. Badiliko hili si dogo: kitisho kilitoka katika usemi kikahamia usoni.

Kwa Wajaluo wa Homa Bay na Migori, jajuok, yule mkimbiaji wa usiku asumbuaye milango ya watu, hatishi kwa sura. Mchana ni jirani, pengine mkwe, na salamu zake ni zile zile. Grace Ogot aliukaribia mno mkondo huo katika "Tekayo" (1968): mla maini ya watoto ni babu yao. Hooper mwenyewe hakuukwepa. Onyesho lake linalotisha kuliko uso wa Barlow ni la mtoto Ralphie Glick, akikwaruza dirisha la nduguye Danny usiku. Na Danny anamfungulia.