Kihamba, Mfongo na Isale: Familia ya Kichaga Ilivyojipanga

Tunapowasifu wazee wetu, mara nyingi tunasema waliishi kwa vichache na kupendana sana, kana kwamba uchache wa vitu ndio uliozaa upendo. Historia ya Wachaga wa Kilimanjaro haikubaliani na maelezo hayo. Vyombo vya nyumbani vilikuwa vichache kweli, lakini taratibu zilikuwa nyingi na za kina: nani arithi nini, nani afungulie maji lini, nani apewe nyama ipi mnyama akichinjwa, aliyekosa aombe radhi kwa njia gani. Maisha yalionekana mepesi kwa sababu mambo mazito yalikwisha kuamuliwa mapema. Hilo ndilo la kujifunza kwao, na ndilo tunalolisahau tunapotamani zamani.

Tuanze na kihamba, shamba la migomba linaloizunguka nyumba katika ukanda wa mita 1,000 hadi 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ng'ombe walifungiwa ndani, hawakuswagwa malishoni. Wanawake walipanda mlima na mizigo ya majani kichwani kuwalisha, na samadi ikarudi kwenye migomba. Kwa mpango huo familia iliweza kukaa mahali pamoja kizazi baada ya kizazi, na hivyo suala la urithi halikukwepeka. Desturi ilimtaka baba amsaidie mwanawe wa kwanza kupata kihamba chake anapooa, na kitinda mimba abaki na wazazi, kisha arithi nyumba yao. Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1902, alizikusanya sheria za Wachaga katika kitabu kikubwa kilichochapishwa mwaka 1926. Tukiitazama desturi hii ya urithi, tunaona ilikuwa pia mpango wa kutunza wazee. Nani angekaa na mama akishindwa kuchota maji lilikuwa swali lenye jibu tangu mtoto wa mwisho alipozaliwa, na aliyebeba wajibu huo ndiye aliyepata nyumba.

Utaratibu huohuo ulivuka mpaka wa kihamba. Maji yalitoka kwenye mito ya mlimani kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kwa mkono ikifuata mteremko, mingine ikipita kwenye kingo za makorongo. Njiani kulikuwa na nduwa, bwawa dogo lililoziba maji usiku yajae, asubuhi mwenye zamu ayafungulie. Ukoo uliochimba mfongo ulikuwa na sauti kubwa juu yake, lakini kila aliyetumia maji alitakiwa kufika siku ya kuuzibua, na asiyefika alitozwa faini au akanyimwa maji. Ndugu wawili waliokosana wiki nzima walilazimika kushika majembe kwenye mfereji mmoja. Ugomvi ukizidi, palikuwa na isale, mmea wa majani marefu ya kijani uliopandwa mipakani mwa vihamba. Mkosaji alichuma jani lake akaenda nalo kwa aliyemkosea, au akatuma mtu mzima ampelekee, na kulikataa lilikuwa jambo zito machoni pa jamii. Mmea uleule ulionyesha mpaka wa ardhi na kufungua njia ya kupatana.

Wapo watakaosema kwamba ninausifu mfumo uliowaonea watu, na kwa sehemu kubwa wana haki. Binti hakurithi kihamba, ingawa mikono ya wanawake ndiyo iliyokilisha. Mjane alikaa kwa hifadhi ya wanawe. Watoto wa kiume wa kati walipata kidogo kuliko wa kwanza na wa mwisho, na shida yao ilikua pale kahawa ilipoongeza thamani ya ardhi. Lakini kasoro hizo zinahusu mgawanyo wa haki. Hazifuti faida ya familia kuwa na makubaliano yanayojulikana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, kwa hiyo tunaweza kushika nidhamu ya wazee na kuacha upendeleo wao.

Pingamizi la pili ni la ardhi: wazee walipanga kwa sababu mlima ulikuwa na nafasi, na leo mkoa wa Kilimanjaro una watu zaidi ya milioni 1.8 kwa sensa ya 2022. Ni kweli kwamba kihamba hakiwezi kugawanywa tena na tena. Hata hivyo, uhaba unaongeza haja ya mpango. Watoto wametawanyika Dar es Salaam, Arusha na nje ya nchi, wanakutana nyumbani mwezi Desemba, wanakula na kunywa pombe ya mbege, kisha wanaondoka bila kusema nani atamwangalia mama mwaka ujao. Akiugua, kila mmoja anadhani mwenzake ametuma pesa. Akifariki, mjadala wa kihamba unaanza msibani, wakati ambapo watu wana uchungu na hawana subira.

Kwa hiyo anayetaka kuwaenzi wazee aanze na kikao cha familia wazazi wakiwa hai na akili zao timamu. Mabinti wakae humo kama warithi, na dada anayekaa na wazazi atambuliwe kwa mali, asiishie kupewa shukrani. Pasemwe kiasi cha mchango wa kila mmoja, zamu za kwenda kuwaona wazazi, hatima ya nyumba na ardhi, na nani atapatanisha watakaokosana. Kisha yaandikwe na kila mtu abaki na nakala. Kikao cha namna hiyo kina maneno magumu, lakini ni afadhali maneno hayo yasemwe mbele ya mama kuliko mbele ya hakimu.