Nyambizi Iliyoogopa Ndege

Katika Vita Kuu ya Pili, nyambizi haikuweza kujificha majini siku zote. Huko chini ilikwenda kwa betri, na betri zikipungua iliibidi iibuke, iwashe injini za dizeli na kuzichaji upya. Hapo ndipo ndege zenye rada zilipoikuta.

Heinz-Wilhelm Eck, nahodha wa nyambizi ya Kijerumani U-852, alilijua hilo. Kabla ya kuondoka Kiel, Januari 1944, alionywa kwamba nyambizi kadhaa za aina yake zilikuwa zimepotelea Atlantiki ya Kusini. Jioni ya Machi 13 akaizamisha Peleus, meli ya mizigo ya Ugiriki yenye watu 35. Baharini yakabaki mabao, maboya, na watu walioyang'ang'ania. Eck akahofu kwamba kukicha ndege itayaona mabaki hayo na msako utaanza. Akaamuru yapigwe risasi za rashasha, na mabomu ya mkono yakarushwa. Kazi hiyo ikaendelea gizani kwa saa kadhaa, na maboya hayakuzama. Hata kwa hesabu za kivita tu, alikosea: saa hizo zingetosha kumfikisha mbali sana na pale kabla ya alfajiri.

Watu wanne walinusurika. Mmoja alifia baharini. Watatu waliokotwa na meli ya Kireno baada ya wiki tano na siku kadhaa.

Kufikia wakati huo U-852 ilikuwa imeizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia Bahari ya Hindi. Mei 2, karibu na pwani ya Somalia, ndege aina ya Wellington ya kikosi cha 621 kutoka Aden iliikuta juu ya maji, ikaiangushia mabomu yanayolipukia chini ya maji. Nyambizi ikazama kujificha, lakini betri zilikuwa zimeharibika na gesi ya klorini ikaanza kuenea ndani. Klorini huunguza mapafu. Katika chombo kilichofungwa pande zote, hakuna pa kuikimbilia. Ikabidi iibuke, na ndege zikapokezana kuishambulia. Mei 3 Eck akaipandisha ufukweni karibu na Bender Beyla, akailipua. Mabaharia waliosalia wakatekwa.

Lakini kumbukumbu za safari hazikuteketezwa. Waingereza walizikuta ndani, nazo zikaonyesha kwamba ni U-852 iliyoizamisha Peleus.

Kesi ilisikilizwa Hamburg, Oktoba 1945. Eck alijitetea kwamba alikuwa akiharibu mabaki ili kuiokoa nyambizi yake. Mahakama haikukubali, na ilikuwa sahihi. Novemba 30 alipigwa risasi pamoja na maafisa wake August Hoffmann na Walter Weispfennig, ambaye, amini usiamini, alikuwa daktari wa nyambizi hiyo. Mhandisi Hans Lenz, aliyelipinga agizo mbele ya nahodha kisha naye akashika bunduki, alihukumiwa kifungo cha maisha.