Filamu, Ziwa na Waliobeba Mizigo



Wapendwa wanaparokia, katika tafakari ya juma hili naomba tuzungumzie historia. Siku chache zilizopita vijana wetu walikusanyika kutazama filamu ya zamani iitwayo The African Queen, ambayo mmoja wao aliipata baada ya kuambiwa kwamba inahusu nchi yetu wakati wa Mjerumani. Ilipokwisha, kijana mmoja alinifuata akaniuliza, "Padre, mambo haya yalitokea kweli?" Nilimjibu kwamba yalitokea na hayakutokea. Yeye hakuridhika na jibu hilo, wala mimi sikuridhika nalo. Ndiyo maana nimeamua kuandika, nikitumaini kwamba wengine wenu mtafaidika.

Filamu hiyo iliongozwa na John Huston na ilitoka mwaka 1951. Hadithi yake imetokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester iliyochapishwa mwaka 1935. Inasimulia kwamba mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, askari wa Kijerumani walichoma kijiji chenye misheni ya Kiprotestanti. Mmisionari akafadhaika, akaugua na kufa. Dada yake, Rose, anaondoka na Charlie Allnut, mwenye boti kuukuu na mpenzi wa pombe kali. Wanashuka mto Ulanga, wanapita maporomoko na ngome ya Wajerumani, na wanapendana njiani. Mwishoni wanakamatwa ziwani na manowari ya Kijerumani iitwayo Louisa. Wakiwa karibu kunyongwa wanamwomba nahodha awafungishe ndoa, naye anawafungisha. Punde manowari inagonga boti yao iliyozama nusu, ikiwa na mabomu waliyoyaunda wenyewe, na inalipuka. Humphrey Bogart, aliyeigiza nafasi ya Charlie, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Ni filamu nzuri kuitazama, wala sikusudii kuwazuia vijana wasiitazame. Lakini tuipime kwa ukweli.

Tuanze na jiografia. Mto Ulanga upo kweli, na wengi huuita pia Kilombero. Uko upande wa Morogoro, na maji yake huingia Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Mtu akiufuata kwa boti hatafika kwenye ziwa lolote la vita. Ziwa la kwenye riwaya lina jina la kubuni. Picha zenyewe zilipigwa Kongo ya Wabelgiji, Uganda, na katika studio za Uingereza.

Hata hivyo, nyuma ya hadithi hiyo ya kubuni kuna vita vya kweli, navyo vilipiganwa katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa upande wa mashariki wa ziwa hilo, na bandari yao kuu ilikuwa Kigoma, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika mwaka huohuo. Wabelgiji walikuwa upande wa magharibi. Aliyetawala maji ndiye aliyeweza kuvusha askari apendako. Kwa hiyo tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ikaiharibu. Tangu hapo ziwa likawa la Wajerumani.

Mwaka 1915 mwindaji mmoja, John Lee, alikwenda London na kuwaambia wakuu wa jeshi la majini la Uingereza kwamba boti ndogo zenye kasi zingeweza kufikishwa ziwani kupitia Kongo. Wazo lilikubaliwa. Kamanda aliyeteuliwa, Geoffrey Spicer-Simson, alipendekeza boti mbili zilizochaguliwa ziitwe Paka na Mbwa. Wakuu wake wakakataa. Ndipo akaziita Mimi na Toutou. Kila moja ilikuwa na urefu wa futi 40. Zilisafirishwa kwa meli mwezi Juni 1915 hadi Cape Town, kisha kwa treni hadi Fungurume, Katanga, ambako reli iliishia.

Hapa ndipo kazi kubwa ilipoanza. Boti hizo zilipaswa kuvutwa nchi kavu zaidi ya kilomita 200, kupanda na kushuka milima ya Mitumba, mahali pasipo na barabara. Mashine za mvuke zilikokota, na ziliposhindwa walifungwa maksai. Sisi tunaolima kwa maksai tunajua maana ya kuwapandisha mlima wakiwa na mzigo, na tunajua kwamba hatari kubwa zaidi ni kuteremka. Wenyeji kwa mamia walikata miti, wakafyeka njia, wakajenga madaraja, wakachota maji ya kulisha mashine na kuyabeba kichwani wakati wa kiangazi. Baadaye boti zilipanda treni tena, zikateremka mto Lualaba, zikapanda treni mara nyingine, na mwezi Oktoba 1915 zikafika ziwani mahali panapoitwa Kalemie leo.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku moja baada ya Noeli, Mimi na Toutou ziliikamata meli ndogo ya Kijerumani Kingani. Waingereza waliitengeneza, wakaiita Fifi na kuitumia wao. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha Hedwig von Wissmann. Kwa hiyo Waingereza walishinda ziwani kwa boti za jeshi na mizinga, na hapakuwa na wapenzi wawili wenye mabomu ya kujitengenezea. Riwaya ya Forester iko karibu zaidi na ukweli kuliko filamu, kwa maana katika riwaya shambulio la Charlie na Rose linashindikana, na manowari inazamishwa na boti za kijeshi za Waingereza.

Lakini ilikuwapo meli ya tatu, kubwa kuliko zote, nayo ndiyo ambayo watu wengi huihusisha na Louisa ya filamu. Ni Graf von Goetzen, yenye urefu wa takriban mita 70. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikapakiwa katika maelfu ya masanduku, na kuunganishwa upya Kigoma. Ilianza kazi mwaka 1915. Spicer-Simson hakuthubutu kuishambulia, wala hakuna Mwingereza aliyeizamisha. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka injini zake mafuta mazito ili zisiharibiwe na kutu. Baada ya vita iliibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hilo.

Liemba ikawabeba wananchi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, kwa miongo mingi. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 ilikwenda Kagunga kuwachukua Warundi waliokimbia machafuko. Filamu imeilipua Louisa ili hadithi iishe vizuri. Meli ya kweli ilinusurika, na chombo kilichoundwa kwa kazi ya mkoloni na kufungwa mizinga ya vita kikawa kimbilio la mama aliyebeba mtoto na godoro. Naona hapo pana hadithi kubwa kuliko ya ndoa ya kwenye sitaha.

Mtu anaweza kusema, "Padre, filamu ni burudani tu, mbona unaichukulia hivyo?" Nitatoa mfano kutoka mbali. Mwaka 1789, katika Bahari ya Pasifiki, mabaharia wa meli ya Kiingereza Bounty, wakiongozwa na Fletcher Christian, walimwasi nahodha wao William Bligh. Tukio hilo limetengenezewa filamu mashuhuri mwaka 1935, 1962 na 1984. Katika ile ya mwaka 1935, Bligh ni katili asiye na chembe ya huruma, na anarudi mwenyewe na meli ya Pandora kuwasaka waasi. Ukweli ni kwamba Pandora iliongozwa na nahodha mwingine, Edward Edwards. Bligh alikuwa na ulimi mkali uliowadhalilisha watu, lakini katika kuchapa viboko hakuwazidi manahodha wengi wa siku zake. Alipotupwa katika mashua ya wazi pamoja na watu 18, aliwaongoza takriban kilomita 6,700 hadi Timor. Filamu ya mwaka 1984 ilijaribu kumtendea haki, lakini tayari jina lake lilikuwa limekwisha kuwa tusi. Marehemu hawezi kusimama kwenye ukumbi wa sinema akajitetea.

Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Mara nyingi tunaifikiria kuhusu majirani walio hai, tunaokutana nao kisimani na sokoni. Lakini marehemu nao ni jirani zetu. Na kuna namna mbili za kuwakosea: kusema juu yao yasiyokuwapo, na kunyamaza juu ya yaliyokuwapo. Bligh alikosewa kwa namna ya kwanza. Watu wetu wamekosewa kwa namna ya pili. Katika The African Queen Waafrika wanaonekana mwanzoni wakiimba kanisani, kijiji chao kinachomwa, wanatoweka. Baadaye tunawaona askari wakifyatua risasi kutoka ngomeni. Hatuambiwi jina la hata mmoja ili tumkumbuke. Bligh alisingiziwa, lakini angalau jina lake lilitajwa.

Nani basi alizivuta Mimi na Toutou milimani? Nani alibeba masanduku, risasi na unga wa majeshi yote, ya Mjerumani, ya Mwingereza na ya Mbelgiji, katika nchi hii kwa miaka minne? Ni wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Jina la Kariakoo, soko tunalolijua sote kule Dar es Salaam, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza. Watu huenda pale kununua vitenge na simu bila kujua kwamba wanalitaja jina la waliobeba mizigo ya vita.

Tusidhani kwamba mambo haya yalikuwa Kigoma tu. Hapa kwetu Mara, mwezi Novemba 1914, meli ya Waingereza iliyoitwa Sybil ilikwama kwenye miamba karibu na Majita, katika Ziwa Nyanza, ikaachwa hapo, na mwaka 1915 Waingereza wakarudi kuinasua. Vita vilifika kwenye mwalo wetu. Wapo wazee wetu ambao babu zao waliitwa, au walifungwa kamba, wakaenda na hawakurudi. Wengine walirudi na kikohozi kisichopona, na simulizi ambazo watoto walizisikia nusu wakiwa usingizini.

Kwa hiyo, kijana uliyeniuliza swali, jibu langu la pili ni hili. Filamu imechukua vita vya kweli na kuwaondoa ndani yake wale waliovibeba mabegani. Huwezi kuitengeneza upya filamu ya mwaka 1951. Lakini unaweza kumuuliza bibi yako jina la baba wa baba yake, na kama alikwenda vitani. Uliza mapema. Kila mwaka tunazika mzee, na pamoja naye tunazika majina ambayo hayakuandikwa popote.

Nimewaomba makatekista wa vigango vyote waweke daftari. Jumuiya ndogondogo zikusanye majina ya wazee wa ukoo waliochukuliwa katika vita ile, upande wowote waliokuwa, na dini yoyote waliyokuwa nayo. Ukilijua jina moja tu, andika hilo moja. Kama mnakumbuka mahali alikopelekwa, ongezeni. Msiongeze msilolijua, maana tutakuwa tumefanya kosa lilelile la filamu. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea Marehemu Wote, majina hayo yatasomwa moja moja kabla ya Misa, hata kama itachukua muda. Walitembea mwendo mrefu kuliko huo.

Nawatakia Dominika njema na juma lenye baraka.

Paroko wenu