Gugu Lililofunga Ghuba ya Winam

Ng'oa gugu maji moja kwenye ufuo wa Dunga, Kisumu, ulibonyeze shina. Limevimba, jepesi kama sponji, limejaa hewa. Hewa hiyo ndiyo huliwezesha kuelea. Ua lake ni la zambarau, lina doa la manjano, na kwa uzuri huo watu walilitoa Amerika Kusini wakalieneza duniani kuwa pambo la vidimbwi vya bustani.

Liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi, ukawa unalileta bila kukoma. Kufikia 1998 Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, peke yake ilikuwa na hekta zipatazo 17,000 za gugu. Mashua zilikwama, nyavu zikapotelea chini yake, samaki wakakosa hewa, konokono wa kichocho wakapata makao. Uganda nayo iliathirika: bandari ya Port Bell ilizibwa, na bwawa la umeme la Owen Falls, leo Nalubaale, likasumbuliwa.

Watu waling'oa kwa mikono, mashine zikaletwa, gugu likazidi kuota. Aliyeliweza ni mbawakawa wa milimita tano hivi, naye asili yake ni Amerika Kusini. Uganda ilimwachilia mwaka 1995, Kenya 1997. Usiku hukwangua majani. Buu lake hutoboa shina hadi kwenye moyo wa mmea. Maji huingia palipokuwa na hewa, gugu likaoza, likazama. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya ghuba ilikuwa wazi.

Tukashangilia mapema. Mbegu zake huishi topeni miaka mingi, na baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 gugu lilirudi. Tunalilisha sisi wenyewe, kwa majitaka ya mjini, mbolea inayosombwa mashambani na udongo unaoteremka na Mto Nyando. Hata kule Mbita, tuta la barabara la miaka ya 1980 lilikuwa limeziba mlango wa maji kati yake na kisiwa cha Rusinga, maji ya ghuba yakatuama; mkondo ulifunguliwa tena kwa daraja la mwaka 2017.

Ndugu zangu wa kaunti za ziwa, mtakapoitwa kutoa maoni juu ya bajeti, ulizeni kwanza fungu la kusafisha majitaka, kisha ndipo mwulize la mashine za kuvuna gugu.