Kibanio cha Nywele na Saa Hamsini na Moja

Msomaji wa hadithi za upelelezi keshaizoea picha hii: mlango umefungwa, watekaji wameondoka, na binti aliyeachwa ndani anapeleka mkono kichwani, anachomoa kibanio cha nywele, anakitia katika tundu la ufunguo na kukipindua mara mbili. Mlango huo, wazi! Sentensi tatu zimetosha, na filamu zimekuwa na haraka zaidi ya vitabu.

Fundi wa vitasa hukisoma kipande hicho akacheka. Kitasa alichokitengeneza Linus Yale Mdogo huko Marekani katika miaka ya 1860 kina safu ya vijiti vya chuma vinavyosukumwa na springi, kila kimoja kikiwa kimekatwa vipande viwili. Ufunguo wa haki hukinyanyua kila kijiti kwa kiasi chake hasa, na hapo tu ndipo silinda hukubali kuzunguka. Asili ya ufundi huo ni kongwe, nayo ni makomeo ya mbao ya Misri ya kale, ambayo vijiti vyake huanguka kwa uzito wao wenyewe. Atakaye kukidanganya kitasa cha namna hiyo hana budi kuzungusha na kunyanyua kwa wakati mmoja, na kibanio kimoja hakiwezi kazi mbili. Binti wa hadithini angehitaji viwili. Zaidi ya hivyo, angehitaji kitu ambacho mwandishi hapendi kumpa, nacho ni muda.

Muda huo uliwahi kupimwa hadharani. Mwaka 1851, London ilipokuwa na Maonyesho Makuu, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alikishika kitasa cha Chubb, kilichosifiwa kuwa humfichua kila mwenye kukichezea, akakifungua kwa dakika 25. Kisha akakiendea kitasa cha Bramah, ambacho kwa zaidi ya miaka 50 kilikuwa kimekaa katika dirisha la duka mtaa wa Piccadilly pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayekishinda. Hobbs alikuja na zana alizoziunda mahsusi kwa kazi hiyo. Alitumia saa 51, zilizotawanyika katika siku 16. Zawadi akapewa, na ubishi ukazuka: ni mwizi gani anayeachiwa siku 16 na mwenye nyumba? Swali lilikuwa la haki, ila lilichelewa. Waliokuwa wakiamini kwamba chuma kimewalindia dhahabu na hati zao walikwisha kujua kuwa kilichowalinda ni hesabu ya saa tu.

Mwizi mwungwana wa riwaya za Kiingereza aliyakuta mashaka hayo yamekwisha tandikwa. Raffles, aliyebuniwa na E. W. Hornung na kutolewa kitabuni mwaka 1899, hana kibanio cha miujiza. Hukitoboa kitasa pembezoni kwa keekee, tundu baada ya tundu, akitia mafuta ili chuma kisilie. Dirishani huenda na almasi, kopo la asali ya miwa na karatasi ya kaki: karatasi hupakwa asali na kubandikwa kiooni, ili kipande kinachokatwa kisianguke kikaiamsha nyumba. Vitu vya jikoni hivyo! Lakini kila kimoja kina kazi yake, na msomaji huzihesabu dakika pamoja na mwizi.

Shemeji yake Hornung, Arthur Conan Doyle, hakupendezwa na mhalifu kufanywa shujaa. Hata hivyo mwaka 1904 alimtuma Sherlock Holmes, babu wa kifasihi wa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, usiku katika nyumba ya Charles Augustus Milverton, akiwa na mtaimbo mfupi uliopakwa nikeli na funguo malaya. Sanduku la chuma la Milverton lilijaa barua zilizoweza kuwaangamiza wenyewe. Holmes hakuiba hata moja. Alizikumbatia kwa mafungu akazitupa motoni. Hapo kufungua kitasa kunakuwa na uzito, kwa kuwa msomaji anajua ni heshima ya nani iliyofungiwa.

Kabla ya hao wote kipo kisa cha Ali Baba, ambacho Antoine Galland alikisikia Paris mwaka 1709 kwa kinywa cha Hanna Diyab, mtu wa Aleppo katika nchi ya Sham. Humo mna kifaa cha nyumbani kilicho bora kuliko kibanio chochote: kibaba cha kuazima, ambacho mke wa Kasim alikipaka shahamu chini, na sarafu moja ya dhahabu ikanasa. Siri ya shemeji yake ikafunguka bila chuma kugusa chuma. Pango lenyewe halina tundu la ufunguo. Lina neno tu. Kasim anaingia, jiwe linajifunga nyuma yake, naye anazunguka katika mali hata jina la ufuta linamtoka. Anaita shayiri, anaita nafaka moja baada ya nyingine. Nje nyumbu wake kumi wanangoja na masanduku matupu, na jua linakaribia utosi, saa ya wezi kurejea.