Mdogo Naye Ana la Kusema

Tumelelewa na methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leo nawasimulia siku ambayo mkuu ndiye hakusikia la mdogo, wakafa watu 583.

Ilikuwa Machi 27, 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Ukungu ulikuwa umetanda. Ndege ya KLM ikaanza kukimbia ili iruke, kumbe ndege ya Pan American ingali kwenye njia hiyo hiyo. Mhandisi wa KLM, aliyekuwa akisikia mazungumzo ya redio, akauliza kama wenzao hawajaondoka njiani. Rubani mkuu, mtu wa sifa na cheo, akamjibu kwa mkato kuwa wameondoka. Mhandisi akanyamaza. Punde si punde ndege zikagongana.

Marubani walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1981 shirika la United la Marekani lilianza kufundisha mkubwa kusikiliza na mdogo kutamka. Mazoezi ya namna hiyo hufanywa ndani ya ndege ya bandia, ambako ajali haiui mtu.

Na madaktari je? Chumba cha upasuaji nacho kina rubani wake. Daktari David Gaba wa Chuo Kikuu cha Stanford, mtaalamu wa dawa ya usingizi, na wenzake walitengeneza mgonjwa wa sanamu anayeendeshwa kwa kompyuta, na mwaka 1990 wakaanza kozi yao. Mchezo huo umeenea. Siku hizi mwalimu huweza kujifanya daktari bingwa, akatoa agizo lenye kosa makusudi. Kijana anatazamwa: atasema, au atameza mate? Baadaye wote huketi wakaulizana, bila kuchekana, nani aliona nini na kwa nini alinyamaza.

Wapo wasemao huo ni utoto. Nami nawauliza: kumkatiza mkubwa kutajifunzwa wapi? Juu ya mgonjwa mwenye roho?

Nasi tumo katika historia hii. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa miongoni mwa nane duniani zilizojaribu, mwaka 2007 na 2008, orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo hujitambulisha kwa jina na kazi yake. Katika hospitali hizo nane vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Aliyekwisha kufungua kinywa mara moja, mara ya pili hakiwi kizito.

Basi wakubwa wetu wa hospitali, siku kijana atakapowaambia, "Mkuu, subiri kidogo," tafadhalini subirini.